Harufu ya Bisi Chini ya Ukumbi

Watoto ndio walioanza kuisikia harufu.

Ilikuwa mchana wa jua kali, wakati ambao hata kuku wa Chigwale hathubutu kuvuka ua, na watu wa kijiji walikuwa wamelala chali kwenye sakafu ya udongo ya ukumbi mkuu wa Kituo cha Utafiti na Mafunzo ya Tabianchi. Mtoto mmoja akainua kichwa, akanusa. Mwenzake naye akanusa. Mara zogo likaenea mkeka hadi mkeka: kuna mtu anakaanga bisi! Ukumbi uliokuwa kimya tangu asubuhi ukachangamka, watoto wakaanza kufunuafunua kanga za mama zao wakitafuta ni nani aliyeficha chungu.

Nyemo Msanjila hakucheka nao. Yeye ndiye msanifu aliyelichora jengo lile, tangu kuta zake nene hadi paa lake bapa la udongo alilolifananisha na tembe za babu zake, na alijua kwamba ndani yake hakuna jiko lililowashwa. Harufu ilikuwa inatoka kwenye matundu ya ukutani. Matundu yale yalivuta hewa kutoka chini, kwenye mizizi.

Alijipenyeza katikati ya miguu ya watu mpaka kwenye chumba kidogo cha vipimo, akafunga mlango, akakaa. Kwenye kioo cha kompyuta, jengo lake lilionekana jinsi lilivyokuwa chini ya ardhi: mizizi imetawanyika kila upande, mirefu kuliko jengo lenyewe. Si mabomba ya kiwandani. Ilikuwa hai, imeoteshwa kwa kuvu aliyefundishwa kazi moja tu, kulinyonya joto lililo kwenye kuta na kulisukuma ardhini. Mzizi wenyewe ndio uliojitafutia njia. Ulinusa ardhi kama mbwa anavyonusa mfupa, ukafuata udongo ulio baridi kuliko mwingine, na ulipofika ukatua mzigo wake hapo. Ncha ya mzizi uliolemewa ilikuwa na moto kupita kikaango.

Siku ya uzinduzi waliandika kwa herufi kubwa mlangoni: TUNALIPELEKA JOTO PASIPO NA WATU. Wageni walipiga picha hapo. Hakuna feni, hakuna friji, hakuna mashine hata moja ya kupozea, na ndani ubaridi kama wa kisima. Nyemo alipewa tuzo mbili na keki.

Sasa alitazama mzizi wa magharibi, mrefu kuliko yote. Ulikuwa umepita chini ya barabara, ukaingia mahameni, kwenye mazizi ya zamani ambako Chigwale ya mababu iliishi kabla ya kijiji kusogezwa. Huko ukawa umepinda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila ulipopinda palikuwa na duara dogo jekundu. Maduara manne, na la nne ndilo lililokuwa linanukia mchana huo. Mbele ya ncha ya mzizi, mwendo wa siku chache tu, lilibaki la tano. Lile lilikuwa la buluu, baridi, limekaa peke yake kama jicho.

Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Ardhi haitengenezi maduara. Yale yalikuwa mashimo ya mbegu.

*

Kuna jambo inabidi lielezwe hapa, maana bila hilo Nyemo ataonekana mjinga, na hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma tu.

Kwa watu wa Chigwale akiba ya mbegu haitajwi kwa mkono mtupu. Ukimwuliza mtu ameweka nini na wapi, atakujibu "hakuna kitu", hata kama shimo liko chini ya kigoda alichokalia. Hakudanganyi. Ndivyo mtu mwenye adabu anavyojibu, na mwulizaji mwenye adabu hujua kwamba jibu hilo halijafika mwisho. Anayetaka kuambiwa kweli huja na mbegu zake mwenyewe, huzitia kwenye kiganja cha mwenzake, kisha ndipo huuliza. Ukishazipokea mbegu za mtu, huwezi tena kumjibu hakuna kitu.

Mama yake Nyemo alizaliwa Chigwale, lakini Nyemo alikulia Morogoro, na miaka minne iliyopita alipokuja kupima ardhi alikuja na wanafunzi, kofia na vishikwambi. Walipita nyumba kwa nyumba. Kule mahameni, chini ya ardhi kuna kitu? Hakuna kitu. Wazee wenu walizika chochote, walihifadhi chochote? Hakuna kitu, mwanangu, hakuna kitu kabisa. Akashukuru, akaipaka sehemu yote ya mahame rangi ya kijani kwenye ramani, maana yake mizizi ipite itakavyo. Alipomsimulia mama yake kwa simu, mama aliuliza, "Ulikwenda na mbegu?" Nyemo akacheka. Alidhani mama anatania.

Na mbegu zenyewe hazikuwa za mchezo. Mtama wa Chigwale ulikuwa mtama pekee ukanda ule ambao bado ulitoa punje. Joto lilipozidi, chavua ya mtama mwingine wote iliungua kabla haijatua. Watu wa Chigwale wakaendelea kuvuna. Watafiti wa kituo walikuwa wameuombaomba kwa miaka wakapewa konzi mbili tatu, ukaota vizuri mwaka wa kwanza ukafa wa pili, kwa sababu mtama ule haukukubali kukaa kwenye chupa. Ulitaka shimo lililozibwa kwa samadi na kukandikwa, lisilopenyeza hewa wala mwanga. Shimo likifunguliwa, mbegu imeamka. Ipandwe msimu uleule au ioze. Na mvua ilikuwa bado mwezi mzima na zaidi, kama ingekuja.

Jioni, jua lilipolegea kidogo, Nyemo alimpigia mkurugenzi. Profesa Mlagala alikuwa Arusha, ambako watu walikuwa bado wanalala vitandani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimtisha Nyemo kuliko kama angefoka.

"Huwezi kuukata huo mzizi?" Profesa aliuliza.

"Nikiukata ukumbi unawaka. Mashariki ni mwamba, kusini na kaskazini ardhi imeshashiba joto, haipokei tena. Magharibi ndiyo imebaki inayotupumzisha. Nikikata saa sita, saa saba nina maiti."

"Kuuelekeza pengine?"

"Unakwenda penye baridi, Profesa. Ndivyo tulivyoufundisha. Pale shimoni ndipo penye baridi kuliko kote. Wale wazee walipachagua kwa sababu hiyohiyo."

Profesa akasema, "Lakini mzizi haukui bila kulemewa."

"Haukui."

"Kwa hiyo watu wangepungua..."

Nyemo alikuwa ameshapiga hesabu hiyo mara tatu na mara zote tatu alitamani iwe na kosa. Jengo lilichorwa kwa wanafunzi mia na ushee, ambao sasa walikuwa likizo, si kwa kijiji. Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua milango wimbi la joto lilipoanza, bila kumwomba mtu ruhusa. Kila mwili uliolala pale sakafuni ulikuwa unatoa joto usiku na mchana kama jiko dogo la mkaa, na kila jiko lilikuwa linausukuma mzizi mbele. Thelathini wakitoka, mzizi ungesimama.

"Nisikilize, Nyemo," Profesa alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli. "Usiwaambie. Nakujua, utataka kuwaambia. Ukiwaambia watatoka, na unajua ni akina nani watakaotoka. Vijana wote wamehama na ng'ombe. Hapo una wazee, wajawazito na watoto. Mbegu ni mbegu, binti yangu. Serikali italeta mbegu nyingine. Mtu hatuwezi kumleta."

"Mbegu nyingine hazizai hapa."

"Basi watahama. Watu wanahama. Lakini watahama wakiwa hai."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomwuma Nyemo. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi kumkatia simu.

*

Bibi Wendo ndiye aliyekuwa mtunza mbegu wa Chigwale, japo ukimwuliza angekuambia hatunzi kitu. Alikuwa bibi mwembamba mwenye ulimi mkali, na tangu aingie ukumbini hakuacha kulisema jengo. Mara tembe gani hii isiyo na moshi. Mara tembe gani isiyonuka ng'ombe, mtu analala ndani kama yuko hospitali. Watoto walimpenda kwa hilo. Nyemo naye alimpenda, na alikuwa akimtania kwamba siku moja atamtoza kodi.

Asubuhi iliyofuata alimkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha vipimo, ngumi ameikunja.

"Mbukwa, mjukuu wangu."

"Mbukwa, Bibi. Umeamkaje?"

"Kama mtu wa hospitali." Aliingia bila kukaribishwa, akakitazama kioo chenye mizizi, akaguna. "Lete mkono."

"Bibi..."

"Lete mkono, usinizungushe. Jana watoto walikuwa wanatafuta chungu. Mimi sikutafuta. Wiki iliyopita nilikwenda mahameni alfajiri, nikafukua moja. Mtama ulitoka wa kahawia. Nikaonja. Umekaangika vizuri, haujaungua hata, kama mtu aliyekaa akiugeuza." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nikazika tena."

"Ulijua?" Nyemo alishikwa na butwaa. "Wiki nzima ulijua ukanyamaza?"

"Wajukuu zangu saba wamelala mle ndani. Ningemwambia nani? Ningesema nini?" Bibi Wendo aliutazama mlango uliofungwa, upande wa pili ambako mtoto alikuwa analia na mama anambembeleza. "Kila mchana nalala pale sakafuni nasikia raha ya ubaridi, najua nakula mbegu. Sasa lete mkono."

Nyemo alitamani kuuficha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto. Alijua vizuri kinachokuja. Kama angesema tu hakuna kitu, Bibi, tumeshindwa, hakuna njia, pangekuwa na mwisho wake: mtu mwenye adabu amejibu, na wazee wangeendelea kulala wakiwa hai. Lakini mkono ulikuwa umeshajitoa wenyewe. Punje kumi na kitu za mtama mwekundu ziliangukia kiganjani mwake, zikiwa na joto la ngumi ya yule bibi. Nyemo akazifumba.

"Haya," Bibi Wendo alisema. "Jengo lako linataka nini ili liliache shimo la mwisho?"

Machozi yalimtoka Nyemo kabla ya maneno. Hakuyafuta. "Linataka watu wapungue."

"Wangapi?"

"Thelathini. Mchana na usiku, mpaka upepo ugeuke, joto lipungue. Wiki mbili. Labda tatu."

Bibi Wendo aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei sokoni akaiona si mbaya sana.

"Bibi, tembe zenu haziwezi. Zilijengwa kwa jua la zamani. Mtu wa umri wako, mchana huu, ndani ya tembe..."

"Nimezaliwa kwenye tembe, usinifundishe tembe."

"Nisingekuambia. Profesa alinikataza, na alikuwa sahihi. Sikupaswa kukuambia."

"Nimekupa mbegu," Bibi Wendo alisema, kwa sauti ya kumliwaza, kana kwamba Nyemo ndiye aliyekuwa anakwenda mahali. "Ungefanyaje?"

*

Bibi Wendo aliwanong'oneza wazee wenzake, nao hawakuaga. Mtu anayeaga huzuiwa. Walianza kutoka mmojammoja baada ya uji wa asubuhi, huyu na mkeka wake, yule na fimbo yake, kila mmoja na sababu. Mzee Chidosa alisema anakwenda kuangalia kama paa lake limeporomoka. Mke wake akasema hawezi kumwacha mzee peke yake, atasahau mlango. Wengine walisema wamechoka kulala na watoto wa watu wanaokojoa. Akina mama waliwatazama wakipita. Walikuwa wanawake wazima na si wajinga, na mmoja wao, mjamzito, alisimama akataka kumshika mkono mama mkwe wake. Mama mkwe akautoa ule mkono taratibu, akamwambia alale, sakafu ndiyo hiyo, aitumie.

Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Kuuliza kungehitaji kujibiwa.

Nyemo aliwahesabu kwenye kioo. Jengo lilikuwa linawahesabu pia, kwa pumzi zao, na kila mmoja alipovuka kizingiti namba ilishuka. Ilipofika saa tano, mizizi ilianza kulegea. Joto la kuta likapungua. Kwenye kona ya kioo pakatokea maandishi ya kijani, yale ambayo yeye mwenyewe aliyatunga enzi zile akidhani anafanya utani mzuri: HONGERA, JENGO LAKO LINAPUMUA VIZURI. Dakika chache baadaye ukaja ujumbe kutoka Arusha. Profesa Mlagala ameona vipimo kutoka huko, amefurahi sana, hakujua mfumo unaweza kujirekebisha kiasi hicho, na je, Nyemo anaweza kuandaa maelezo mafupi kwa wafadhili?

Nyemo alikigeuza kioo cha simu kikatazama meza.

Saa sita ikafika, ikapita. Nje hewa ilikuwa inacheza juu ya ardhi, na tembe za kijiji zilionekana kama zinaogelea. Alijilazimisha kutotazama dirishani. Alitazama mzizi wa magharibi. Ulikuwa umepunguza mwendo, umepunguza sana, lakini haukuwa umesimama. Ncha yake iliendelea kusogea, kidogokidogo, kuelekea lile duara la buluu.

Akarudia hesabu. Thelathini walitakiwa. Akahesabu waliotoka: ishirini na tisa. Akahesabu waliobaki, mama na watoto, jina kwa jina, akitafuta mzee aliyesahaulika, mtu mzima mwenye nguvu, yeyote. Hakuna. Pale ukumbini hakuna mtu aliyebaki ambaye ungeweza kumwambia toka ukalala usingizi tena maishani. Akapitia orodha ya jengo yenyewe, namba ya pumzi zote zilizomo, akalinganisha na majina yake. Ya jengo ilizidi kwa moja.

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa nusura acheke. Alikuwa amemhesabu kila mtu isipokuwa anayehesabu. Tangu alipochora mstari wa kwanza wa jengo lile ilikuwa hivyo. Katika michoro yote palikuwa na vibinadamu vidogo vya wino vimekaa, vimelala, vinasoma, na hakuna hata kimoja kilichokuwa yeye.

Jengo halikumhitaji mtu wa kulilinda. Hilo ndilo lililokuwa sifa yake kubwa. Nyemo alisimama. Aliogopa, aliogopa vibaya sana, na hapana sababu ya kusema vinginevyo. Alikuwa na miaka thelathini na nane. Alikunywa maji yote yaliyokuwa kwenye chupa, akajifunga kanga mbili kichwani. Punje za Bibi Wendo akazitia ndani ya sidiria, upande wa moyo, mahali ambapo mama yake huweka vitu asivyotaka kupoteza. Akapita katikati ya watoto waliolala bila kukanyaga hata mmoja.

Mlangoni joto lilimkamata uso mzima. Lilichoma ndani ya pua. Alikwenda akiwa ameinama, mkono mbele ya macho, na njia aliyozoea kuiona fupi dirishani ikawa haiishi. Kwa Mzee Chidosa mlango ulikuwa umefungwa, na ndani hakukuwa na sauti ya mtu. Hakusimama. Alijua akisimama harudi kutembea.

Tembe ya Bibi Wendo ilikuwa ya mwisho upande wa mahame. Ndani kulikuwa na giza, joto zito la kukaba koo, na harufu ya moshi wa miaka mingi. Bibi alikuwa amelala chini, ubavu kwenye ardhi, mdomo wazi, anapumua kwa vituo. Alifungua jicho moja.

"Binti Msanjila," alisema, na ulimi ulikuwa mzito lakini wake. "Sasa hii ndiyo tembe. Umeona? Ina moshi."

"Nimeona, Bibi."

"Mzizi?"

"Umesimama." Hakuwa amekaa kuuona ukisimama. Lakini alijua namba zake.

Bibi Wendo alifumba jicho, na Nyemo akasogea kumsikiliza kifua. Kilikuwa bado kinakwenda. Kisha ile sauti ikauliza tena, ya chini, ya mazoea, kama mtu anayemwuliza jirani habari za kutwa.

"Na wewe kule ndani umeacha nini?"

Nyemo aliwaona watoto sakafuni, midomo wazi, kanga za mama zao juu yao. Akaliona duara la buluu chini ya zizi la zamani, limezibwa, baridi, halijaguswa. Bibi Wendo hakuwa amempa mbegu safari hii. Mkono wake ulikuwa mtupu, umelegea juu ya udongo.

"Hakuna kitu, Bibi," Nyemo alijibu.

Yule bibi akatabasamu, akajivuta kidogo pembeni, akampisha mahali pa kulala.